Niligongana na nduthi (pikipiki ya abiria) hapo Hamza, Jogoo Road, na makosa mengi niliyafanya baada ya kuanguka

Nilianza kwenda kazi na baiskeli Oktoba 2023. Mwezi wa tisa petroli ilikuwa imepita 200 kwa lita hapa Nairobi na matatu za kwetu Umoja zikapandisha nauli mara moja, asubuhi ya mvua unaitishwa 100 kufika tao, katikati ya jiji, tu, na mimi sifanyi kazi tao, nafanya Enterprise Road kwa godauni moja ya vifaa vya stima, naandika vitu vinavyoingia na kutoka stoo. Kwa hivyo ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Nikakaa chini na kalamu nikaona nauli inakula karibu 7,500 kila mwezi, na nina mtoto wa shule, na namlea peke yangu. Nikanunua baiskeli ya mtumba 12,500, helmeti 1,500, jaketi ya riflekta 300, taa ya nyuma 400. Miezi miwili pesa ikawa imerudi. Kwa hilo sijajuta hata leo.

Lakini barabara yenyewe sikuwa nimeiweka kwa hesabu.

Njia yangu ni hii: natoka Umoja naingia Outering, nafika Donholm, nashika Jogoo Road mpaka City Stadium, alafu Lusaka Road mpaka Enterprise. Outering si mbaya sana, kuna njia ya kando sehemu nyingi. Jogoo Road ndio kazi. Pale ukingoni lami ikiisha kuna mtaro, na vifuniko vya mtaro vingine vilishang'olewa vikauzwa skrapu, kwa hivyo huwezi kujibana kushoto kabisa hata ukitaka. Njia ya miguu iko, lakini imejaa viatu vya mtumba, ndizi, vibanda, mtu anaosha gari, na nduthi kumi zimepangwa zikingoja abiria. Kinachobaki ni kipande kidogo cha kando, upana wa mtu akinyoosha mikono, na hapo ndipo tumewekwa sote: watu wa miguu, mkokoteni, sisi wa baiskeli, nduthi, na matatu kila dakika inaingia kushusha na kubeba. Kaunti ilipitisha sera mwaka 2015 ikisema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa njia za watu wa miguu na baiskeli. Mwaka 2022 tukafunguliwa Expressway, ile barabara ya kulipia, kilomita 27, na huko juu baiskeli na pikipiki haziruhusiwi. Mimi nimetafuta hiyo asilimia 20 kwa Jogoo Road asubuhi baada ya asubuhi na sijaiona.

Miezi ya kwanza niliogopa magari, kwa hivyo nilikuwa napanda kwa njia ya miguu. Nawaambia hili ju watu wengi wa baiskeli tunaongea kama sisi ndio tunaonewa peke yetu. Mwezi wa pili nikamgonga mzee karibu na Makadara. Alitoka nyuma ya kibanda akiwa na mfuko wa sukuma, nikafunga breki na gurudumu la mbele likampata kwa mguu. Hakuvunjika lakini alianguka na magoti, sukuma ikamwagika kwa vumbi, na akaniangalia tu akasema, "Mama, hata hapa pia mmetufuata?" Nilimwinua, nikamwomba msamaha, nikamlipia dawa kwa kemia. Hayo maneno yalinikaa sana. Kutoka siku hiyo nikitaka kupita njia ya miguu nashuka naisukuma. Inachelewesha dakika tano, basi zichelewe.

Sasa nikarudi kwa lami, na kosa likawa lingine, nikawa nateleza kando kando kabisa nikidhani nikijificha nitakuwa salama. Ukijibana hivyo matatu inaona kuna nafasi ya kukupita bila kupunguza, inakupita na kioo kinakaribia kukugusa sikio, alafu mita ishirini mbele inakukatia inaingia steji. Makanga, yule wa mlangoni anayeita abiria, naye anakupigia kelele, "Madam, peleka hiyo kitu njia ya miguu!" Huko kwa njia ya miguu ndiko yule mzee aliniuliza kwa nini tumewafuata.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, Agosti 2024, kama saa moja kasorobo asubuhi. Nilikuwa nimechelewa na tulikuwa na mzigo wa kupokea saa mbili. Karibu na steji ya Hamza matatu moja ya Buruburu ikanipita, ikanikatia, ikasimama. Hapo nilikuwa na njia tatu. Kungoja nyuma yake, kuipita kulia kwa leni ya magari, au kuipita kushoto kati yake na ukingo. Nikaangalia nyuma nikaona basi inakuja kwa kasi, na kungoja sikutaka, si nimewaambia nilikuwa nimechelewa. Nikaingia kushoto. Mlango wa matatu uko kushoto, kila mtu Nairobi anajua hivyo, na mimi nilikuwa najua, na bado niliingia. Mama mmoja alikuwa anashuka na mtoto mgongoni, nikamkwepa nikivuta kwa ukingo kabisa, na hapo mbele ya matatu kukatokea nduthi ikija upande mbaya, inatoka tao side inapanda kuelekea Donholm kwa njia yetu, na abiria nyuma.

Hatukuwa na kasi kubwa. Watu wanadhani lazima kasi iwe kubwa ndio uvunjike. Nilianguka na bega la kulia, nikasikia kitu ndani kimelia kama kijiti kikavu, na kwa dakika kama moja sikuskia uchungu, nilikuwa naangalia gurudumu langu la mbele limejikunja kama namba nane na nikawa nawaza 12,500 yangu. Abiria wa nduthi alikuwa amesimama tayari anajipangusa. Mwendeshaji alikuwa kijana, anatetemeka, goti linatoka damu. Matatu ikaondoka. Ilibeba watu wake ikaenda.

Kuanzia hapa ndio makosa yangu makubwa yalianza, na ndio maana naandika hii.

La kwanza nilisimama. Msisimame. Nilinyanyuka haraka ju nilikuwa naona aibu kulala kwa barabara na sketi, na kumbe mtulinga umevunjika, ile kujiegemeza na mkono kuinuka ndio nikaskia uchungu wenyewe ukinimaliza nguvu. Kama uko njiani mwa magari watu wakusogeze, lakini wakusogeze wakikushikilia, na helmeti usitoe mpaka ujue shingo iko sawa.

La pili, sikupiga picha. Simu ilikuwa mfukoni, imepona. Ningepiga picha moja ya namba za nduthi na moja ya matatu ikiondoka, wiki tatu zilizofuata zingekuwa tofauti kabisa.

La tatu ni pesa. Ndani ya dakika tatu nduthi zilikuwa zimejaa hapo, labda kumi na tano, mnajua vile wanakujaga mmoja wao akiguswa. Sikuogopa kupigwa, ukweli wengine walinishika vizuri wakanikalisha kwa kreti. Lakini kila mtu anaongea kwa sauti, mmoja anasema matatu ndio mbaya, mwingine anasema siste hata wewe ulikuwa unapita wapi, mwingine anataka iishe kabla karao, yaani polisi, wafike. Kuna mkubwa wao akakusanya pesa, akanipea 2,000, "Siste, hii ni ya dawa, tuseme imeisha, huyu kijana pikipiki ni ya mkopo." Nikachukua. Sikuandika kitu, sikuuliza jina, sikuchukua namba ya simu. Nilikuwa nataka tu hiyo kelele iishe. Kijana mwenyewe hakuwa amesema neno hata moja, na kabla sijageuka ameshapotea.

Hospitali nilipelekwa na nduthi nyingine, hiyo nawashukuru, hakunilipisha. Siku ya kwanza nililipa 7,050: kuonwa na daktari 1,000, eksirei ya bega na mkono 3,000, ile kamba ya kushikilia mkono 1,200, dawa 1,850. Zile 2,000 ziliisha kabla sijafika kwa dirisha la dawa. Baadaye kurudi kuangaliwa mara mbili na eksirei zake ikawa 6,000. Mazoezi ya bega mara tano, 1,500 kila mara, 7,500. Baiskeli, ringi mpya na foki na kazi ya fundi, 4,800. Piga hesabu, ni 25,350, na sijaweka nauli za matatu ambazo nilikuwa nimezikimbia hapo mwanzo.

Uchungu wa pesa unaweza kuuandika kwa karatasi. Ule mwingine sijui nauandike wapi. Wiki tano sikuweza kuvaa blauzi peke yangu. Binti yangu ana miaka tisa, ndiye alikuwa ananifunga vifungo asubuhi kabla aende shule, ananichana nywele, na ugali alikuwa anashikilia sufuria mimi nasonga na mkono mmoja wa kushoto. Usiku nilikuwa nalala nimeketi. Nikiskia nduthi ikipita dirishani moyo unaruka. Na nilikuwa na hasira, hasira ya kuchukia kila mtu wa pikipiki niliyemuona, hata yule anayeniletea gesi ambaye nimemjua miaka minne. Siku moja nikamfokea bila sababu na akaondoka kimya.

Siku ya nne ndio nilienda kuripoti. Nilidhani ripoti ni ya wakubwa wenye magari. Nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, lakini afisa akaniuliza kilichokugonga ni namba gani, nikasema sijui, akasema basi abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, tutaandika nini hapa? Na nikiangalia upande wake hakuwa amekosea. Kuna wakili tunasali naye kanisa moja, yeye ndiye alinifungua macho baada ya ibada, tumesimama nje kwa jua, mkono wangu umefungwa. Akaniambia kwanza sheria ya trafiki inamtaka dereva asimame baada ya ajali, atoe jina na namba zake, na kama hajatoa aripoti polisi haraka, isizidi saa 24. Pikipiki ni chombo cha moto kama gari, sheria hiyo inamshika. Pili, bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, Sura ya 405, mtu wa tatu anaweza kuwa ni wewe kwa baiskeli yako, si lazima uwe na gari. Mimi miaka yote nikiskia "third party" nilidhani ni mambo ya gari kwa gari. Tatu, una miaka mitatu ya kwenda kortini kwa kuumizwa hivi, na kuna korti ya madai madogo, inashughulikia mpaka milioni moja, na imewekewa siku 60 za kumaliza kesi. Fomu ya P3, ile ya kuonyesha umeumia vipi, polisi wanakupa bure, daktari anaijaza, na risiti zote uziweke, hata ya kamba ya mkono. Alafu akaniuliza swali ambalo sikulipenda. "Dada, na wewe ulipita matatu upande gani?" Nikamwambia. Akasema korti huwa inagawa makosa, yule wa nduthi ataulizwa kwa nini alikuja upande mbaya na wewe utaulizwa kwa nini ulipita mlangoni. Na ile matatu, kwa sababu haikukugusa na huna namba zake, hiyo sahau.

Kurudi Hamza kutafuta namba, nilienda na woga. Nilishuka matatu nikasimama hapo nikaanza kutoa jasho saa nne asubuhi. Kuna mama anauza uji na mandazi karibu na steji, nilikuwa namuona kila siku nikipita na hatujawahi kusalimiana. Nikamwambia mimi ndiye yule wa baiskeli. Akasema, "Nakujua, msichana wangu, njoo." Akageuza ubao wa kibanda chake upande wa ndani, na kumeandikwa namba za magari kwa mkaa. Alikuwa ameandika namba ya nduthi. Kuna zingine nne hapo juu, za ajali zingine. Akaniambia yeye huandika tu ju watu huanguka hapa na kila mtu anaondoka, na siku moja mtu atakuja kuuliza. Nililia hapo mbele ya wateja wake. Akanipea uji na akakataa pesa.

Nikalipa 550 nikatafuta hiyo namba kwa NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari. Ikatoka jina la kampuni ya mikopo, si la mtu. Kwa hivyo nikafanya kitu wakili hakuniambia, nikaenda steji ya nduthi nikauliza mwenyekiti. Nilienda na shemeji yangu, na nilienda mchana. Hiyo msiende peke yenu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, akanisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mkono wangu, akasema kesho saa nane njoo, atakuwa hapa.

Na kweli yule kijana alikuwa hapo. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia yote. Alikuwa amevaa ile ile jaketi, imeraruka kwa kiwiko. Akasema, "Siste, pole. Nilitoroka ju niliogopa." Akaendelea kuniambia na sikumkatiza. Kwamba abiria alikuwa anaenda tu hapo juu kidogo, na Jogoo Road imegawanywa katikati, kugeuza vizuri lazima aende mbali mpaka raundabauti na abiria halipi hiyo safari. Kwamba mkopo ni wa kila siku, akikosa siku mbili wanakuja kuchukua. Kwamba bima alikuwa analipia ya mwezi mmoja mmoja, na ilikuwa imeisha wiki mbili kabla anigonge. Hapo ndio nikajua hiyo njia ya bima pia imefungwa.

Alafu akaangalia chini akasema kitu sikukitarajia. Kwao ni Busia, na baba yake alikuwa anabeba watu na baiskeli kuvuka mpaka, ile bodaboda ya kwanza kabisa, ambayo jina lenyewe lilitoka hapo, watu wanapelekwa kutoka boda ya huku mpaka boda ya Uganda. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 zikajaa, baba akakosa wateja, baiskeli ikabaki ya kuchotea maji. Akasema baba yake aliposkia amegonga mtu wa baiskeli hakumuongelesha wiki nzima.

Hasira haikuisha hapo, nisiwadanganye. Ilipungua. Nilikuwa na bega limevunjika na yeye alikuwa amenitoroka, na hakuna hadithi ya Busia inarudisha mfupa. Lakini nilijua pia nilichofanya mimi pale mlangoni mwa matatu. Tukakubaliana alipe 12,000, karibu nusu, 500 kila Jumamosi kwa M-Pesa. Tukaandika karatasi mbili, majina, namba za kitambulisho, mwenyekiti akaweka sahihi, shemeji yangu akaweka sahihi, kila mtu akabaki na yake. Alilipa mpaka 10,500. Jumamosi zingine alikosa na akatuma mara mbili iliyofuata. Alafu ikanyamaza, na mwenyekiti akaniambia pikipiki ilichukuliwa, kijana ameenda kufanya mjengo. Simu yake haiingii. Hizo 1,500 nimeziacha.

Kabla ya kurudi kwa baiskeli kuna kitu kilinisaidia kuliko vyote. Kazini tuna lori la tani saba, na dereva wake ni mzee aliyeendesha lori miaka mingi. Siku moja kwa yadi akaniambia, "Binti yangu, panda hapa nikuonyeshe kitu." Akanikalisha kwa kiti chake, akamwambia tanboi, msaidizi wake wa lori, achukue baiskeli yangu asimame nayo kushoto mbele, karibu na mlango wa abiria. Nikaangalia kioo cha kushoto, hayuko. Nikaangalia mbele, hayuko. Tanboi alikuwa hatua moja kutoka kwa gari, amevaa jaketi yangu ya riflekta, na kwa macho yangu hapo juu hakukuwa na mtu. Mzee akasema, "Na hapo ndipo wewe hupenda kukaa tukingoja taa, si ndio?" Ndio, hapo hapo. Kila siku pale Lusaka Road nilikuwa nateleza kando ya malori nasimama kushoto mbele nikijiona mjanja. Lori likikata kushoto linaweza kunipitia na dereva asijue mpaka watu wapige kelele. Kama mna mtu wa lori mnamjua, mwombeni awakalishe hapo dakika mbili tu. Na madereva, wapeni watu wa baiskeli hiyo nafasi, mtakuwa mmeokoa mtu.

Siku hizi naendesha tofauti. Nakaa kama mita moja kutoka ukingoni, si kwa kiburi, ni ile mitaro na milango. Dereva akinipigia honi nanyoosha mkono kumwonyesha nimemuona, naendelea vile vile mpaka kuwe na pahali pazuri pa kumpisha. Matatu siangalii indiketa, naangalia makanga. Akishaning'inia na mguu mmoja nje, au akianza kuangalia ukingoni kama anatafuta watu, hiyo gari inaingia steji hata kama taa haijawaka. Hapo napunguza nangoja nyuma, sipiti kushoto, hata kama mbele kuko wazi, hata kama nimechelewa. Akigonga bati gari ikasonga, nami nasonga. Nduthi ikija upande mbaya zamani nilikuwa navuta kulia kwa magari, sasa napunguza mpaka nisimame, naweka mguu chini, namwangalia machoni. Yeye ndiye atachagua pa kupita. Raundabauti ya City Stadium nashuka, navuka na watu wa miguu. Na kila asubuhi kabla nitoke nahakikisha simu ina chaji na iko mfuko wa kushoto, ju bega la kulia ndilo lilivunjika na siku ile nisingeweza kuitoa kulia.

Yule wa gesi nilimwomba msamaha. Alicheka akasema alikuwa ameshasahau, lakini niliona hakuwa amesahau.

Mama wa uji bado anaandika kwa ubao wake. Nilimnunulia daftari na kalamu, akasema asante akaweka kwa droo, mkaa ndio uko karibu mkono. Mara ya mwisho nilihesabu namba saba.

Sasa kuna msichana wa jirani, amepata kazi Industrial Area na amenunua baiskeli, mama yake amenikujia na macho ya wasiwasi akiniuliza nimwambie nini. Jumapili hii tunatoka naye saa kumi na mbili asubuhi, barabara ikiwa bado tupu, polepole, mimi mbele yeye nyuma. Hamza tutasimama, nimwonyeshe nilipoanguka, tunywe uji.